Kalamu Isiyo na Mwajiri

Katika kila nchi kuna watu ambao kazi yao ni kutafuta maarifa, na kuna watu wengi zaidi ambao maisha yao yategemea maarifa hayo. Wale wa kwanza ni wachache. Hukaa katika vyuo, maabara na mashamba ya majaribio, na lugha yao ni ngumu. Hawa wa pili ndio umma: mkulima, mzazi, mgonjwa, mwanafunzi. Kati ya makundi haya mawili pana bonde, na maarifa hayavuki bonde kwa miguu yake yenyewe. Hapana budi awepo mtu wa kuyavusha.

Mmojawapo wa wavushaji hao ni mwandishi wa habari za sayansi, ufundi na elimu. Na miongoni mwa waandishi hao yumo mmoja ambaye hali yake si kama ya wenzake, yaani mwandishi wa kujitegemea. Huyu hana mshahara wa gazeti lolote. Hutafuta habari kwa hiari yake, huiandika kwa gharama yake, huipeleka kwa mhariri, kisha hungoja. Ikichapishwa hulipwa, isipochapishwa, jasho lake limekwenda bure. Insha hii yaeleza jinsi kazi hiyo ilivyoanza katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, faida iliyoleta, na mtego uliomo ndani yake.

Tuuchukue mji wa Nkubu uwe mfano wetu. Nkubu uko Imenti Kusini, katika barabara itokayo Meru kwenda Embu, juu ya miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Juu yake, karibu na msitu, kuna chai. Katikati kuna kahawa. Na kadiri mtu ashukavyo kuelekea mashariki ndivyo nchi izidivyo kuwa kavu. Mjini mna soko, shule na hospitali ya misheni ya Consolata. Mtu akisimama sokoni hapo aweza kusikia maswali matatu kwa muda mfupi. Mkulima auliza kwa nini buni zake zageuka nyeusi mtini kabla ya kuiva. Mama auliza kama sindano atakayodungwa mtoto wake ina manufaa au madhara. Baba auliza mtaala mpya wa shule utampeleka wapi mwanawe. Majibu ya maswali yote matatu yapo. Lakini moja liko Ruiru katika kituo cha utafiti wa kahawa, jingine liko katika vitabu vya waganga, na la tatu limo katika taarifa za wizara Nairobi. Na yote yameandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Umbali kati ya swali na jibu ndio uwanja wa kazi ya mwandishi tunayemzungumzia.

Mwanzo wa magazeti ya Kiswahili haukuwa katika nyumba za biashara, bali katika shule na misheni. Mwaka 1888 lilianza kutolewa Unguja gazeti lililoitwa Msimulizi, katika chuo cha misheni ya Waingereza kilichokuwa Kiungani. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 likafuata Kiongozi, lililopigwa chapa katika shule ya Serikali ya Kijerumani mjini Tanga. Mwaka 1916 wamisionari wa Consolata, ambao walikuwa wamefika Kenya mwaka 1902, walianza kutoa huko Nyeri gazeti la Kikuyu lililoitwa Wathiomo Mukinyu, maana yake Rafiki wa Kweli. Na mwezi wa Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilitoa mjini Dar es Salaam nambari ya kwanza ya Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililosomwa kwa karibu miaka 40.

Magazeti hayo yalikuwa na wahariri wachache na nchi kubwa ya kuieleza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kurasa zake ilijazwa na watu wenye kazi nyingine: walimu, makarani, wasaidizi wa waganga, na wanafunzi waliomaliza masomo. Watu hao waliandika barua kutoka miji yao. Walisimulia habari za mvua na mavuno, za ndui na tauni, za shule iliyofunguliwa na daraja lililojengwa. Ujira wao mkubwa ulikuwa kuona jina lao limepigwa chapa. Hawakujiita waandishi wa sayansi, wala neno hilo halikuwa limezoeleka; lakini aliyewaeleza wenzake namna ya kufunika kisima au kuchagua mbegu alikuwa akifanya kazi ileile tunayoieleza hapa. Yafaa wanafunzi wakumbuke kwamba kazi hii katika lugha yetu ilizaliwa mikononi mwa walimu na vijana wa shule.

Hata hivyo kazi hiyo ilikuwa na mpaka. Gazeti lilikuwa la misheni au la Serikali, na mwenye gazeti ndiye aliyeamua lipi laulizwa na lipi laachwa. Mwandishi wa wakati ule aliweza kuwaambia watu namna ya kuchimba choo. Hakuweza kwa urahisi kuuliza kwa nini Mwafrika wa Kenya alikatazwa kupanda kahawa.

Habari za kahawa zastahili kuelezwa kwa kirefu, maana zatuonyesha jinsi jina la elimu lilivyoweza kutumiwa vibaya. Wamisionari walipanda kahawa Bura, katika nchi ya Wataita, mwaka 1893, na baadaye walowezi wa Kizungu waliifanya kuwa utajiri wao. Kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kuipanda. Sababu zilizotolewa zilivaa vazi la utaalamu. Ilisemwa kwamba Mwafrika hataweza kuitunza mibuni, kwamba shamba lake litakuwa chanzo cha magonjwa yatakayoenea katika mashamba makubwa, na kwamba wizi wa kahawa utaongezeka. Chini ya vazi hilo ilikuwamo hofu nyingine: hofu ya ushindani, na hofu ya kukosa vibarua, kwa kuwa mtu mwenye zao lake la fedha hana haja ya kupalilia shamba la mwingine. Katika miaka ya 1930 Serikali iliruhusu majaribio machache, kwa masharti makali, katika wilaya za Meru, Embu na Kisii. Wakulima wa Meru waliitunza mibuni yao, ikazaa. Baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ruhusa hiyo ilipanuliwa katika wilaya nyingi za Waafrika. Hoja iliyodaiwa kuwa ya kitaalamu ilijibiwa na mti wenyewe.

Haya ndiyo mafunzo ya kwanza ya historia hii. Si kila neno lisemwalo kwa jina la elimu ni elimu. Mwandishi anayepokea kauli ya mkubwa na kuipiga chapa bila kuuliza ushahidi wake hajavusha maarifa. Amebeba mzigo wa mtu mwingine asioujua.

Magonjwa ya kahawa hayakuwa uongo, bali yalikuwapo hata katika mashamba ya walowezi. Ule unaogeuza buni kuwa nyeusi ulionekana Kenya mwaka 1922. Huletwa na aina ya kuvu ambayo jina lake la kitaalamu ni Colletotrichum kahawae, na kila Mswahili atatambua ni neno gani limo ndani ya jina hilo. Kuvu hiyo huozesha buni zingali mbichi. Hupenda baridi na unyevu, na miteremko ya mlima ina vyote viwili. Mkulima aliweza kuipiga dawa, lakini dawa ni ghali na mvua huiosha. Watafiti wa Ruiru walitafuta njia nyingine, yaani mbuni ambao kwa asili yake haushindwi upesi na ugonjwa. Mwaka 1985 walitoa mbegu iliyoitwa Ruiru 11, na mwaka 2010 walitoa nyingine iliyopewa jina la Batian, kwa heshima ya kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya.

Fikiri sasa, msomaji, kazi ya mwandishi wa kujitegemea anayeishi Nkubu na kutaka kuieleza habari hiyo. Haimtoshi kuandika kwamba mbegu mpya imepatikana. Yampasa aeleze kwamba kuvumilia ugonjwa si sawa na kutougua kamwe. Yampasa aeleze kwamba Ruiru 11 ni mbuni mfupi, waweza kupandwa karibu karibu, na kwa hiyo hesabu ya miche katika ekari hubadilika, na gharama pia. Yampasa aulize miche yapatikana wapi, mkulima atangoja miaka mingapi kabla ya kuchuma, na yule aliyekwisha kuipanda aonaje. Swali hilo la mwisho ndilo linalomtenga mwandishi na mpiga mbiu. Mpiga mbiu hutoka kwa mtaalamu na kwenda kwa mkulima. Mwandishi hurudi tena kutoka kwa mkulima na kwenda kwa mtaalamu, akiwa na maswali mapya.

Katika Kenya huru mambo ya sayansi yalizidi kuwa mengi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru, chombo cha kuchunguza miale ya nyota kilirushwa angani kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, nacho kikaitwa Uhuru. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya, aliokota karibu na Ziwa Turkana vipande vya fuvu la kale ambalo wataalamu wa dunia nzima walilijadili. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliamua kwamba makao ya shirika lake la mazingira yawe Nairobi. Mambo makubwa yalitendeka mlangoni petu. Waliokuwa wachache ni watu wa kuyaeleza kwa mwenye nyumba.

Hapo ndipo lilipotokea jina la Calestous Juma. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, akakulia kando ya Ziwa Victoria upande wa Budalangi, nchi ambayo mto Nzoia huifurikisha mara kwa mara. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Mombasa. Akiwa mwalimu aliandika barua kwa mhariri wa gazeti la Daily Nation. Hakuna aliyemtuma, wala hakuwa na cheo cha kumfanya asikilizwe. Alikuwa na hoja na stempu ya posta. Mwaka 1978 gazeti hilo lilimpa kazi ya kuandika habari za sayansi na mazingira, naye huhesabiwa kuwa wa kwanza katika sehemu hii ya Afrika kupewa kazi hiyo peke yake. Hakukaa muda mrefu katika chumba cha habari. Mwaka uliofuata alihamia katika shirika la mambo ya mazingira Nairobi, akawa mhariri wa jarida lake. Baadaye alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo Kikuu cha Sussex, akapata shahada ya udaktari mwaka 1987. Mwaka 1988 alianzisha Nairobi kituo cha kuchunguza siasa za sayansi na teknolojia katika Afrika. Kuanzia mwaka 1995 hata 1998 alikuwa katibu mtendaji wa mkataba wa dunia wa kulinda aina mbalimbali za viumbe, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Alifariki tarehe 15 Desemba 2017.

Watu wengi humsifu kwa vyeo hivyo. Sisi tunamtaja hapa kwa sababu ya zile barua. Ndizo zilizoonyesha kwamba mtu aliye mbali na mji mkuu, mwenye kazi nyingine ya kumlisha, aweza kuingia katika mazungumzo ya wataalamu kwa njia ya hoja iliyofikiriwa vema na kuandikwa wazi.

Tena, swali alilolishughulikia hata uzeeni ni lilelile lililowakabili wakulima wa Meru. Katika kitabu chake Innovation and Its Enemies, kilichotoka mwaka 2016, alichunguza kwa nini watu hupinga vitu vipya, na mfano mmojawapo alioutumia ni kahawa. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, alipiga marufuku kahawa baada ya kukusanya wanazuoni na waganga waliosema kwamba ina madhara. Marufuku hiyo haikudumu. Juma alionyesha kwamba mara nyingi watu hawapingi kitu kipya kwa ujinga tu, bali kwa hofu ya kupoteza walichonacho: mali, cheo au desturi. Anayekumbuka maneno ya walowezi juu ya kahawa ya Mwafrika hatashangaa.

Tuitazame sasa kazi yenyewe katika hali zake za kila siku. Mwandishi wa kujitegemea aliye mbali na Nairobi hulipwa kwa habari iliyochapishwa, si kwa habari iliyoandikwa. Ni desturi ya siku nyingi katika magazeti ya Kenya kumpimia malipo kwa urefu wa safu iliyopata nafasi. Nauli ni yake, simu ni yake, na siku aliyopoteza akimngoja mtaalamu mlangoni ni yake. Habari ya ajali hupata nafasi upesi kuliko habari ya mbegu. Habari ya ugomvi wa wanasiasa huandikwa kwa saa moja. Habari ya mtaala mpya wa shule huhitaji wiki nzima ya kusoma na kuuliza, na pengine malipo yake ni yaleyale. Anayechagua sayansi na elimu katika hali hiyo amechagua njia yenye kupanda.

Tena kuna taabu ya maneno. Mtafiti husoma na kuandika kwa Kiingereza; mkulima wa Nkubu hufikiri kwa Kimeru na kununua gazeti la Kiswahili. Mwandishi hukaa kati ya lugha tatu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya maneno ya biolojia, fizikia na kemia, na kamusi hiyo ni msaada mkubwa. Lakini kamusi humpa mtu neno, haimpi maelezo. Akiandika kwamba mmea una kinga bila kueleza kinga ni nini na yafanyaje kazi, msomaji atakuwa amepata neno jipya na ujinga wake wa zamani.

Mwaka huohuo wa 1990 ulileta jaribu kubwa kwa waandishi wa Kenya, nalo ndilo mafunzo ya pili ya historia hii. Ukimwi ulikuwa umeenea, na dawa ya kuuzuia kwa uhakika haikuwapo popote duniani. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1979 na kujulikana kwa jina la KEMRI, ilitangaza kwamba wagonjwa waliopewa kwa kinywa kiasi kidogo cha dawa iitwayo interferoni walipata nafuu kubwa. Dawa hiyo ikaitwa Kemron. Mwezi wa Julai Rais Daniel arap Moi aliizindua hadharani. Taifa lilishangilia, magazeti yaliandika kwa fahari, na wagonjwa wa nchi nyingine walisafiri kuja Nairobi.

Furaha hiyo ilikuwa na sababu. Waafrika walikuwa wamechoka kusingiziwa kuwa chanzo cha kila maradhi, na hapa palikuwa na Waafrika waliosemekana kupata tiba. Lakini swali moja lilihitaji kuulizwa siku ya kwanza: je, wagonjwa hao walilinganishwa na akina nani? Katika utafiti wa dawa, wagonjwa hugawanywa makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa. Kundi la pili hupewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na nguvu. Na wagonjwa hawaambiwi wamepewa kipi. Ndipo hujulikana kama nafuu imetoka katika dawa, au katika matumaini na matunzo. Jaribio la kwanza la Kemron halikuwa na kundi la pili. Majaribio ya baadaye yaliyokuwa nalo, mojawapo likiwa limefanywa Uganda, hayakuona kwamba dawa hiyo iliwasaidia wagonjwa kuliko ile isiyo na nguvu. Kati ya siku ya shangwe na siku ya jibu hilo, wagonjwa waliuza mali zao na kupoteza muda ambao hawakuwa nao.

Kwa nini swali hilo halikusikika kwa sauti kubwa? Kwanza, waandishi waliojua namna ya kuliuliza walikuwa wachache. Pili, mwaka 1990 Kenya ilikuwa bado chini ya chama kimoja, hali iliyodumu hata Desemba 1991, na kuitilia shaka habari iliyokwisha kutangazwa na Rais halikuwa jambo jepesi. Mwandishi aliyeajiriwa angeweza kupoteza kazi. Aliyejitegemea angeweza kufungiwa milango ya magazeti yote.

Tusidhani kwamba mambo hayo yalikwisha pamoja na zama hizo. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walipanga foleni ndefu za magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Hapakuwa na jaribio lililothibitisha kwamba kikombe hicho chaponya Ukimwi wala kisukari, na wako wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa sababu yake. Magazeti mengi yalihesabu magari. Aliyewarudia wagonjwa baada ya miezi sita na kuuliza hali zao ndiye aliyefanya kazi ya mwandishi wa sayansi.

Habari za elimu nazo zina Kemron zake, ingawa haziui. Mwezi wa Januari 2003 Serikali ya Kenya iliondoa ada katika shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni 1 waliongezeka madarasani. Lilikuwa jambo jema na kubwa, na ilistahili kuandikwa hivyo. Lakini hesabu ya walioingia mlangoni si hesabu ya waliojifunza. Mwandishi aliyeishia katika hotuba ya waziri aliandika nusu ya habari. Nusu ya pili ilikuwa katika darasa lenyewe: watoto wangapi katika dawati moja, vitabu vingapi, mwalimu mmoja kwa wanafunzi wangapi, na wangapi waliweza kusoma ukurasa mmoja mwishoni mwa mwaka. Takwimu ya ofisini haina budi kukutanishwa na ile ya darasani. Zikipatana, msomaji ameambiwa kweli. Zikigombana, hapo ndipo penye habari.

Sasa twaweza kupima faida na hasara za kalamu isiyo na mwajiri. Faida yake ni uhuru. Mtu asiyelipwa na kampuni ya dawa, wala na wizara, wala na kiwanda cha mbolea, aweza kuwauliza wote watatu swali moja. Tena yeye huishi kati ya watu anaowaandikia. Akikosea juu ya kahawa, jirani atamrudia. Hasara yake ni njaa. Mwenye njaa hushawishika kuandika upesi kuliko inavyofaa, kukuza jambo dogo ili lipate nafasi, au kupokea bahasha kwa mtu anayetaka kusifiwa. Bahasha humfanya mwenye kalamu huru kuwa mwajiriwa wa siri, na huyo ni mbaya kuliko mwajiriwa wa wazi, maana msomaji hamjui bwana wake. Kwa hiyo uhuru wa mwandishi huyu hautokani na kukosa mshahara peke yake. Hutokana na desturi anazojiwekea: kuuliza ushahidi, kutafuta mtu wa pili asiyekubaliana na wa kwanza, kutenganisha linalojulikana na linalotarajiwa, na kurudi baadaye kutazama kama lililoahidiwa limetimia.

Desturi hizo si siri za mabingwa. Mwanafunzi wa sekondari anayefanya jaribio la kemia na kuandika alichokiona, si alichotegemea kukiona, amekwisha kuanza kuzijifunza. Anayesoma takwimu katika somo la jiografia na kumwuliza mwalimu zilikusanywaje, ameanza. Wanafunzi wa Nkubu wana mada tele mbele ya macho yao. Barafu za kilele cha Mlima Kenya, ambazo mwishoni mwa karne ya 19 zilihesabiwa kuwa 18, zimeyeyuka nyingi, na mito ya Imenti hutoka katika mlima huohuo. Je, mkulima wa chini aeleza nini juu ya maji ya mto wake, na wapimaji wa mito waeleza nini? Hilo ni swali ambalo kijana mwenye daftari aweza kulianza kwa miguu.

Chuo cha Kiungani hakipo tena, na Mambo Leo limo katika maktaba. Lakini bonde kati ya wajuao na wahitaji halijajazwa, na kila mwaka maarifa mapya huongezeka upande mmoja. Wa kuyavusha atatoka wapi? Historia yatuambia kwamba alitoka mara nyingi katika shule, akiwa mwalimu au mwanafunzi, bila mtu kumtuma. Kijana anayeona jambo lisemwalo sokoni halilingani na lile alilojifunza darasani asinyamaze, wala asikimbilie kuwacheka wazee. Aende akaulize pande zote mbili, aandike alichokipata kwa lugha ambayo mama yake ataielewa, kisha ampelekee mhariri.

Pengine haitachapishwa. Na aandike ya pili.